Zeituni na Zambarau Chumbani kwa Mama

Seremala na mke wake walikuwa na kibaraza kimoja na kazi mbili. Upande wa kushoto palikuwa na meza ya kupigia randa. Upande wa kulia palikuwa na cherehani. Vumbi la mbao liliingia kwenye vitambaa. Nyuzi ziliingia kwenye gundi. Wateja walikwishazoea. Ukinunua kiti pale, unakikuta na uzi mwekundu mguuni. Ukishonewa gauni, unalikung'uta kwanza ndipo unalivaa.

"Vumbi lako limenipa mvi kabla ya wakati," mke alilalamika.

"Mvi ni heshima," mume alijibu. "Nakuongezea heshima bure."

Ndivyo walivyoishi, wakitaniana kutwa. Wakigombana kwa kweli, seremala alikuwa na dawa moja tu, nayo ni futi. Alikipima kitu, akakigawa katikati, kila mtu akachukua nusu yake. Kabati walilipima. Kibaraza walikipima. Hata kitanda walikipima.

"Haki sawa, ndoa salama," alisema.

Dawa hiyo iliwafaa miaka kumi na tisa. Halafu ikawaharibia chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mama yake seremala. Mama huyo aliishi peke yake, mwendo wa nusu siku kwa basi. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Siku moja asubuhi alianguka uani kwake. Alilala palepale chini mpaka adhuhuri, jirani alipokuja kuazima ungo. Hakuvunjika mfupa. Lakini mwanawe alipopata habari, aliweka randa chini na hakuishika tena siku ile.

"Mama, njoo ukae na sisi," alimwambia kwa simu.

"Nije niwe mzigo?"

"Mzigo gani, mama? Hata kilo hamsini hufikishi."

Mama alicheka. Kisha akasema, "Nitakuja wiki moja. Nikiona sipawezi, narudi kwangu. Na mtu asinibembeleze."

Seremala aliijua sauti ile. Mama akisema narudi, anarudi. Na akirudi, safari nyingine huenda jirani asiwe na haja ya ungo.

Basi waliitoa mizigo yote iliyojaa katika chumba cha nyuma. Wakafagia, wakaziba nyufa. Ikabaki rangi.

"Tupake zambarau," alisema mke. "Mama ni mtu wa heshima, na zambarau ni rangi ya heshima."

"Hapana. Tupake zeituni," alisema mume. "Ile kijani iliyokolea, kama majani yaliyokomaa. Inatuliza roho."

"Inatuliza roho au inafanana na gari la jeshi?"

"Na hiyo yako inafanana na mtu aliyepigwa ngumi ya jicho."

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe seremala akachukua futi. Alipima ukuta kutoka sakafuni hadi darini, akaweka alama katikati, akapiga mstari kuzunguka chumba kizima. Chini zeituni, juu zambarau. Mstari ulipofika mlangoni haukusimama. Mlango nao ulipata nusu kwa nusu.

Kila mmoja alichagua kopo la rangi yake lililokolea kuliko yote, maana walisema rangi nzito inaficha uchafu. Mke alishona pazia zito la zambarau. Mume alitengeneza kiti cha kuegemea, mke akakivisha kitambaa cha zambarau, wakakiegesha kwenye ukuta wa zeituni. Walisimama wakakitazama chumba, wameshikana mikono.

"Kama cha hoteli," alisema mke.

Mama alifika Jumatatu mchana. Walimwongoza hadi mlangoni, wakangoja asifu. Mama alikodoa macho.

"Mbona mmezima taa?" aliuliza.

"Taa inawaka, mama."

"Aa. Haya."

Alipiga hatua tatu. Goti lake likagonga kiti, pu! Akashika ukuta, akajisugua mguu. "Kuna kitu hapa?"

"Ni kiti chako, mama," alisema mke. "Cha zambarau. Hukioni?"

"Naona ukuta tu, mwanangu."

Aligeuka atoke. Mlango ulikuwa umefungwa nyuma yao. Akapapasa ukuta kushoto, akapapasa kulia. "Na mlango mmeupeleka wapi?"

Seremala alicheka, akidhani mama anatania. Kisha aliona mikono yake inavyopapasa, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Mama aliketi kitandani. Alisema kwa upole, "Asanteni, wanangu. Naona mmefanya kazi kubwa. Mungu awalipe. Lakini Jumapili narudi kwangu. Kule hata nikianguka, naanguka mahali ninapopajua."

Usiku ule hakuna aliyepata usingizi mzuri. Asubuhi mke hakuishika cherehani. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Madoa.

Bi Madoa alikuwa jirani wa nyumba ya tatu. Alifanya kazi ya kuchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Hakuwa na nguo isiyo na doa, ndiyo maana wakamwita hivyo, naye hakuchukia. Saa yake ya mapumziko ilipofika, alikuja na makopo madogo, kijiti na kipande cha ubao.

Alisimama mlangoni. Akatazama juu, akatazama chini. Akauona mlango.

"Jamani! Mpaka mlango mmeukata kiuno?"

"Ilikuwa haki sawa," seremala alinong'ona.

"Haki sawa ni ya urithi, fundi. Ukuta hauna mirathi." Alimgeukia mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari wa kuta?"

"Ndimi, mama. Ila dawa yangu haimezwi." Kisha akamwambia mke, "Njoo usimame hapa. Fumba macho nusu, kama mtu anayetazama jua. Usifumbe yote. Haya, kiti kiko wapi?"

Mke alifumba macho nusu. Chumba kikawa na ukungu. Akatafuta kiti. Zambarau ya kiti na zeituni ya ukuta zilikuwa zimeungana, zikawa giza moja.

"Kimepotea!" alisema.

"Umeona? Mama anaona hivyo kutwa nzima. Wewe ukifumbua macho unaona rangi mbili, kwa sababu macho yako ni mazima. Lakini zote mbili ni nzito sawasawa. Jicho lililofifia halitofautishi sana rangi na rangi. Linatofautisha mwanga na giza. Ukiweka giza juu ya giza, kitu hakionekani."

Seremala naye akafumba macho nusu. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Kwa hiyo tumekosea rangi," alisema. "Nitapaka nyeupe tupu."

"Nani kasema mmekosea rangi?" Bi Madoa alikaa chini sakafuni, akafungua makopo. "Rangi mmezichagua vizuri sana. Angalieni."

Alimimina njano juu ya ubao. Akachovya kijiti kwenye nyeusi, akatia tone moja, akakoroga. Njano ikageuka kijani kizito.

"Zeituni!" alisema mke. "Na hukutia buluu hata kidogo."

"Sikutia. Zeituni ina njano ndani yake, imefichwa tu. Na zambarau ni nyekundu na buluu. Sisi wachanganyaji tunazipanga rangi kwa duara. Katika duara hilo, njano inakaa ng'ambo, inatazamana na zambarau. Rangi zinazotazamana hivyo zinapendezeshana. Ukiweka zambarau kidogo karibu na zeituni, kila moja inazidi kung'aa. Ni kama mume na mke wanaotaniana."

"Hao nawajua," alisema mama kutoka kitandani.

"Shida ni kipimo," Bi Madoa aliendelea. "Fahari wawili hawakai zizi moja. Ninyi mmewapa zizi nusu kwa nusu, na wote wana nguvu sawa. Lazima mmoja awe mwenyeji na mwingine awe mgeni. Na katikati yao itiwe rangi nyeupe-maziwa, ili chumba kipate pumzi. Mimi hukadiria hivi. Chumba kikiwa sehemu kumi, sita ziwe nyeupe-maziwa, tatu zeituni, moja zambarau. Si sheria ya serikali. Ni pa kuanzia tu."

"Na heshima je?" aliuliza mke. "Nilitaka zambarau nyingi kwa ajili ya heshima."

"Ni kweli, watu wengi wanaiona zambarau kuwa rangi ya heshima. Zamani ilikuwa shida kuipata, ikavaliwa na wakubwa. Lakini kuna wengine wanaivaa kwenye msiba. Zeituni nayo kwa huyu ni amani, kwa yule ni jeshi. Maana ya rangi haimo ndani ya kopo, shoga yangu. Imo ndani ya mtu. Mlimuuliza mama?"

Mume akamtazama mke. Mke akamtazama mume.

"Wangeniuliza," alisema mama, "nisingekosa la kusema."

"Basi tuambie, mama," alisema seremala. "Tusamehe. Tulitaka kukushangaza."

"Mlinishangaza kweli." Mama alijisugua goti. "Zambarau naipenda. Nguo niliyovaa siku ya kukuzaa wewe ilikuwa zambarau. Zeituni sina ugomvi nayo. Ila nataka nijue ukuta unaishia wapi. Nataka kukiona kiti kabla hakijaniona. Na nataka kuuona mlango. Mtu asiyeuona mlango anajiona mfungwa, hata akipendwa."

Bi Madoa alichukua kipande kingine cha ubao kutoka kibarazani. Alikipaka mistari mitatu: nyeupe-maziwa, zeituni, zambarau.

"Msikimbilie kupaka," alisema. "Ubao huu ukikauka, uwekeni ukutani. Utazameni asubuhi, mchana na jioni taa ikiwaka. Kila mara mwulizeni mama anaona nini. Rangi ya dukani si rangi ya chumbani. Mwanga huibadilisha."

Walifanya hivyo. Mchana ilipendeza. Jioni zambarau ikawa kama matope.

"Hiyo sasa ni kahawia," alisema mama. Alikuwa amesogea hadi pua inakaribia kugusa ubao.

Kosa lilikuwa la taa. Ilitoa mwanga wa njano, na njano nyingi huizima zambarau. Walinunua taa ya mwanga mweupe. Pazia zito wakalishusha, mke akashona jepesi linalopitisha jua.

Mama alihamia sebuleni ili asivute harufu ya rangi. Jumatano na Alhamisi walipaka. Kuta tatu walizipaka nyeupe-maziwa, mara mbili mpaka rangi nzito ikafunikwa. Ukuta mmoja tu, ule wa kichwani mwa kitanda, ulipakwa zeituni wote. Kiti cha zambarau wakakihamishia kwenye ukuta mweupe, karibu na dirisha. Mlango waliupaka zeituni, ukasimama peke yake katikati ya weupe kama mtu aliyevaa koti. Kitasa chake wakakipaka zambarau. Ijumaa kutwa waliacha madirisha wazi.

Seremala aliiacha futi kibarazani. Kila mara aliuliza, "Mama, hapa unaona?" Mama akisema hapana, wanaongeza weupe. Akisema naona, wanaendelea.

"Jambo moja la mwisho," alisema Bi Madoa alipopita kukagua. "Rangi si dawa. Mpelekeni kwa daktari wa macho. Wazee wengi wana mtoto wa jicho, na huyo hutolewa, mtu akaona tena. Msiseme ni uzee tu mkanyamaza."

Walimwandikisha kliniki siku hiyohiyo.

Jumamosi asubuhi mama alirudi chumbani. Seremala alinyoosha mkono amshike.

"Niache," alisema mama.

Alisimama mlangoni. Kichwa chake kilizunguka polepole. Halafu alitembea. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiti bila kupapasa, akagusa mgongo wake, akaketi. Jua la dirishani likamwangukia mapajani. Akainuka tena. Akaenda hadi mlangoni, akashika kitasa mara ya kwanza tu, akafungua, akatoka, akafunga. Wakamsikia nje akicheka peke yake. Akafungua tena, akaingia.

"Naona," alisema. "Asanteni, wanangu. Jumatatu niliwashukuru kwa adabu. Leo nawashukuru kwa moyo."

Mke alishindwa kujizuia. Alikimbia hadi nyumba ya tatu, akamkumbatia Bi Madoa mlangoni kwake, bila kujali rangi mbichi nguoni mwake.

"Ahsante, jirani. Umeturudishia mama."

"Mimi nimechanganya rangi tu," alisema Bi Madoa. "Ninyi ndio mliokubali kuuliza. Wateja wangu wengi huona kuuliza ni aibu, halafu wanaishi na ukuta wa aibu miaka mitano. Sasa niachie, gauni lako limeshakuwa kama langu."

Ikafika Jumapili. Seremala aliamka mapema, akavaa shati la safari. Hakubembeleza, kwa kuwa mama alimkataza. Alimkuta mama ameketi kwenye kiti cha zambarau, amekunja mikono.

"Umevaa hivyo unakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Basi linaondoka saa tatu, mama. Ulisema..."

"Basi panda wewe. Nenda kwangu ukaniletee kuku wangu. Wako saba. Jogoo ana hasira, mfunge miguu kwanza. Na yule jirani mwenye kuazima ungo, mwambie ungo nimempa, auchukue kabisa. Mwambie namshukuru kwa siku ile."

Seremala alisimama kama gogo.

"Unangoja nini?" alisema mama. "Mlango ule pale. Hata mimi nauona."