Bata Mmoja Zaidi

Hili lilimkuta rafiki yangu, fundi wa kompyuta, mtu ambaye hata uongo wa kukwepa harusi humshinda.

Mchana mmoja alikuwa anajaribu mashine ya mteja kwa mchezo wa vita vya bata. Ni mchezo wa kuchekesha: misheni hii unaiba mayai, ile unamtorosha jogoo. Ukimbofya bata, anaitika. Ukibofya mahali, anakwenda. Ramani ni giza tupu, isipokuwa pale aliposimama bata wako. Spika alikuwa hajazichomeka, kwa hiyo bata waliitika kwa midomo tu.

Misheni mpya ikaanza. Bata wote walikuwa chumba cha mbele: meza moja, rafu mbili, feni iliyopinda. Ramani ilikuwa ya ofisi yake mwenyewe. Akampigia shemeji yake, mtu wa mizaha, mwenye ufunguo wa akiba wa ofisi hiyo.

"Shemeji, umeichezea mashine ya watu?"

"Mashine gani tena? Mimi niko kazini."

"Wewe nakujua."

"Haki ya Mungu, shemeji."

Hakumwamini hata chembe.

Mara, kwenye ramani, stoo ya nyuma ikawaka mwanga. Bata wote walikuwa bado mbele. Akabofya penye ule mwanga, aumbue mzaha wa shemeji.

"Naam, mkuu," ikaitika sauti nyembamba, kutoka stoo yenyewe, nyuma ya mlango.

Akashtuka. Kidole kikabofya tena, safari hii juu ya meza yake kwenye ramani.

Nyuma yake kitasa cha stoo kikalia. Hakugeuka. Macho yalibaki kwenye ramani, na kwenye ramani ule mwanga ulikuwa unaijia meza.