Anaufuata Waya

Haya yalimpata Maximilla, jirani yetu hapa mtaani West Indies. Jumamosi hiyo jua lilikuwa linawaka vizuri, nguo zimeanikwa, na fundi alikuwa ametoka tu kumuunganishia intaneti ya waya. Aliyeharibu siku ni mwanawe, Byron. Mtoto wa miezi mitatu, analia tangu jana, hataki ziwa, hataki mgongo, na sisi majirani tulishaanza kununa.

Mama mkwe wake, Mama Nanzala, akasema mtoto anatafuta jina la ukoo. Kwao ndivyo inavyofanywa: mtoto huwekwa kwenye ziwa la mama, majina ya marehemu wa ukoo yakaitwa moja moja, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Akaita la babu. Akaita la shangazi. Kisha, kwa sauti ndogo, "Wangila."

Byron akanyamaza papo hapo.

Wangila alikuwa kitinda mimba wa Mama Nanzala. Alifanya kibarua kwenye meli iliyotandaza waya wa intaneti chini ya bahari, kutoka Kenya kwenda Tanzania. Siku moja waya ulimburuta majini na hakuonekana tena. Nyumbani Chepsaita walizika, badala ya mwili, shina la mgomba lililovishwa shati lake, wakalia, wakamaliza.

Simu ya Maximilla ikaita, ya video. Kwenye kioo iliandikwa: Shemeji Wangila.

Aliipokea kwa mshtuko tu. Hakukuwa na sura. Maji meusi, na mtu anahema.

"Nani ameniita?"

Mama Nanzala akaweka mkono mdomoni. "Mwanangu?"

"Mlizika mgomba, Mama. Mimi niko huku chini. Sasa nimeshika waya. Nakuja."

Ikakatika. Maximilla akamtazama Byron. Mtoto alikuwa ametulia mno. Macho wazi. Kifua kimesimama. Akamgeuza, akampiga mgongoni. Maji yakamtoka mdomoni. Maximilla akayaonja. Yalikuwa ya chumvi.

"Mama, ng'oa huo waya!"

Mama Nanzala alikuwa amesimama mbele ya kisanduku cha intaneti, mikono ameitanua, machozi yanamtiririka. "Mwache afike, Mama Byron. Ni mtoto wangu."

"Na huyu ni wangu!"

Simu ikaita tena. Ikajipokea yenyewe.

"Nimepita Nakuru. Nimebakisha kidogo nifike."

Midomo ya Byron ilikuwa imeanza kuwa samawati. Maximilla akamsukuma mama mkwe wake, kitu ambacho hakuwahi hata kukifikiria, akashika kisu cha kukatia mboga za sukuma wiki, akakata waya.

Byron akakohoa. Akavuta pumzi. Akalia, na safari hii hakuna jirani aliyenuna.

Hospitalini daktari alisema mapafu ni safi, mtoto ni mzima kabisa. Maximilla alishukuru Mungu njia nzima. Jioni akamvua Byron soksi ili amuogeshe. Nyayo zake zilikuwa nyeupe, zimekunjamana, kama za mtu aliyekaa majini siku nyingi. Zilikaushwa, zikapakwa mafuta, zikaombewa. Mpaka leo hazijanyooka.