Pumzi Sikio la Kushoto

Jambo hili lilimpata rafiki yangu, fundi redio. Dada yake mdogo alimwazima gemu la kutisha, sehemu ya pili, aone kama inaishinda ya kwanza. Mchana ule akafunga mapazia, akavaa hedifoni za dada, akacheza mpaka nywele zikamsimama. Kisha akasogeza hedifoni ya upande wa kulia itoke sikioni, akampigia dada simu.

"Ya kwanza ilikuwa vishindo tu," alisema. "Hii ina mtu anakupumulia sikio la kushoto. Hapo wametuweza."

Dada akamjibu, "Kaka, hizo hedifoni upande wa kushoto ulishakufa. Nilitaka unitengenezee."

Fundi akazivua, akaziweka mezani. Mle gizani pumzi ikabaki palepale sikioni, na sasa ilikuwa na joto.