Kaboni Iliyobandikwa Gundi

Kila Jumapili asubuhi huwa na kazi zile zile: kufagia baraza, kupanga spana kutoka ndogo hadi kubwa, na kumtoa paka kwenye sanduku la nyaya. Shangazi yangu ni fundi wa kusuka mota. Watu humletea pampu na feni zilizoungua, naye huzifumua waya na kuzisuka upya palepale barazani. Mimi nina miaka kumi na miwili, na Shangazi huniita Mtaalamu. Si sifa. Nilipewa jina hilo siku niliyomweleza mteja kwa kirefu ubovu wa pampu ambayo ilikuwa haijachomekwa kwenye umeme.

Jumapili hiyo mgonjwa alikuwa gari letu wenyewe. Taa nyekundu ya betri ilikuwa ikiwaka kwenye dashibodi tangu Ijumaa, na Jumatatu alfajiri gari hilo lilitakiwa limpeleke Bibi hospitali ya macho, mwendo wa saa mbili. Bibi ni mama yake Shangazi, na mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Juzi yake alilikaribisha chai koti lililotundikwa mlangoni, akanuna lilipomkalia kimya. Kila jioni aliniuliza kama nimeosha masikio, maana kuona hakuona. Nafasi ya upasuaji alikuwa ameingojea miezi mitano. Akiikosa, angerudi mwisho wa foleni, na basi la kwanza lilifika huko saa nne wakati yeye alitakiwa saa mbili.

Shangazi aliwasha injini, akagusisha ncha za mita ya volti kwenye betri. "Soma."

"Kumi na mbili, nukta moja."

"Injini ikizunguka ilitakiwa ifike kumi na nne. Basi altaneta haijazi betri."

Altaneta ni mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili itoe umeme wa gari. Mkanda ulikuwa umekaza, fyuzi ilikuwa nzima, nyaya hazikulegea. Shangazi akazima injini, akafungua kwanza waya hasi wa betri, kisha akaishusha altaneta yenyewe hadi mezani.

Ana utaratibu wake wa kufungua vitu. Kila kinachotoka hulazwa juu ya boksi lililokunjuliwa na kuandikiwa namba. Kilichovunjika hutiwa kwenye kopo la maziwa analoliita wodi, na aliyekivunja husema ni yeye. Ukishasema, hugombezwi. Humo wodini vitu alivyovunja yeye vilikuwa vingi kuliko vyangu.

Ndani ya altaneta mlikuwa na pete mbili za shaba zilizojaa masizi, na vipande viwili vya kaboni vinavyozigusa ili kupitisha umeme.

"Ni uchafu tu," Shangazi alisema. "Mtaalamu, leo kaboni utasafisha wewe. Polepole, hizi hukatika kama chaki." Hakuwa amewahi kuniachia kitu cha ndani kiasi hicho. Yeye akaenda kumtafutia Bibi miwani, ambayo Bibi alikuwa ameivaa.

Nilisugua, nikajiona nimeweza, nikaongeza nguvu. Kaboni moja ikakatika katikati. Wodi ilikuwa hatua mbili kutoka nilipoketi. Lakini hata dakika kumi hazikuwa zimeisha tangu niaminiwe, na niliona aibu sana. Nikachukua supagluu kwenye droo, nikabandika, nikapuliza. Ikashika, na mstari haukuonekana.

"Tayari?" Shangazi aliuliza aliporudi.

"Tayari, Shangazi."

"Hakuna mgonjwa?"

"Hakuna."

Alifunga kila kitu, akawasha. Mita ikasoma kumi na mbili kamili. Akashusha tena, akapima nyaya za ndani, akasafisha pete mara ya pili, akarudisha. Kumi na mbili kamili. Kaboni hakuzitilia shaka. Alikuwa ameuliza, nami nilikuwa nimejibu.

Saa nane mchana aliketi akafuta mikono. "Huenda nimeiharibu mwenyewe wakati wa kufungua," alisema. "Na leo maduka ya spea yamefungwa." Akaenda kumwambia Bibi kwamba safari haipo.

"Macho haya nimeshayazoea," Bibi akajibu. "Yatangoja."

Mkoba wake ulikuwa umefungwa tangu Jumatano. Nilimwona mlangoni akitoa gauni, taulo na sabuni, kimoja kimoja, kwa kupapasa. Akaliinua gauni. "Mjukuu wangu, mbele ni huku?" Nilimgeuzia gauni, nikarudi barazani.

Nikalichukua kopo nikaliweka mbele ya Shangazi. "Mgonjwa yupo," nikasema. "Amebaki ndani ya altaneta. Nilivunja kaboni nikaibandika kwa supagluu."

"Kumbe. Na mimi najilaumu tangu saa sita." Shangazi hakupandisha sauti, na hilo liliniuma kuliko kuchapwa. "Lete spana namba kumi."

Tulipoitoa kaboni, aliweka ncha moja ya mita kila upande. Mita hiyo hulia umeme ukipita. Ilinyamaza. "Gundi imeshika, sikatai," alisema. "Ila gundi haipitishi umeme."

Katika sanduku la vyuma chakavu tulipata kaboni ya altaneta nyingine, nene kuliko yetu. Niliisaga juu ya msasa, nikisugua kidogo na kupima, kidogo na kupima, mpaka ikaingia kwenye tundu lake bila kubana. Ilinichukua saa moja na nusu. Shangazi akalehemu waya wake, tukafunga, akawasha.

"Soma."

"Kumi na nne, nukta moja." Nilisoma mara mbili. Taa nyekundu ilikuwa imezimika.

Bibi aliambiwa afunge mkoba upya. "Pakia, pakua, mmenifanya mpagazi," alinung'unika, lakini mikono yake ilienda mbio.

Alirudi kutoka hospitali Jumatano, jicho moja limeshatengenezwa. Alisimama mlangoni akalikagua lile koti. "Kumbe mgeni wangu kola imechanika." Kisha akaomba aletewe wodi, maana Shangazi alikuwa amemsimulia yote njiani. Akaitoa ile kaboni niliyoibandika, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha mpaka akauona mstari wa gundi.

"Kuvunja hiki si kosa kubwa, mjukuu wangu. Shangazi yako mwenye kopo hili amevunja vingi," alisema. "Kosa ni pale ulipoulizwa kama kuna mgonjwa, ukasema hakuna. Mtu akikuuliza namna ile, ana kazi anataka kuifanya kwa jibu lako. Ukimpa la uongo, atahangaika mchana kutwa na kazi haitafanyika. Mpe la kweli, hata kama linakuaibisha."

"Nimeelewa, Bibi."

Akairudisha kaboni wodini. Halafu akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga uleule.

"Na haya masikio," akasema, "ambayo kila jioni uliniambia umeyaosha?"

Nikaenda kuyaosha.