Maharage Yaliyokataa Kuiva

Kila asubuhi ya likizo kazi ilikuwa ileile. Mama anachagua maharage kwenye ungo, Kimya anaosha nyanya, na Kasuku anaongea. Ndiyo maana akaitwa Kasuku. Kimya naye alipewa jina hilo tangu mama yake alipofariki, maana maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mama zao walizaliwa tumbo moja, hivyo Kimya alimwita mama yake Kasuku mama mkubwa. Wasichana hao walikuwa na miaka kumi na miwili wote wawili, na tangu msiba huo walilala kitanda kimoja nyumbani kwa kina Kasuku.

Mama aliwapikia chakula cha mchana mafundi seremala wa karakana iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Siku hiyo aliamka jino linamuuma, shavu limevimba kama ameficha andazi.

"Naenda kung'olewa," alisema. "Maharage yako jikoni. Kasuku, leo sufuria ni yako. Yachemke mpaka ukilibonyeza moja kwa vidole liwe uji. Hapo ndipo utie kitunguu, kisha nyanya. Si kabla. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama. Kwani nina pamba masikioni?"

"Kimya, wewe menya nyanya. Na msaidiane."

Kimya alizimwagia nyanya maji ya moto, akasubiri kidogo. Maganda yakachanika yenyewe, naye akayavua taratibu, kama mtu anayemvua mtoto shati. Akazikatakata, bakuli likajaa.

Nje wenzao walikuwa wameanza kuruka kamba. Kasuku akafunua sufuria. Maharage ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa povu. Akachukua bakuli la nyanya.

Kimya akamshika mkono. "Bado."

"Ala! Limesema! Leo mvua itanyesha." Kasuku akajinasua. "Sufuria ni yangu. Wewe uliyekuja kuomba pa kulala utanifundisha nini?"

Kimya akaachia mkono. Nyanya zote zikaingia, na kitunguu, na chumvi. Kasuku akafunika, akaongeza mkaa, akatoka mbio.

Aliporudi, mchuzi ulikuwa mwekundu, mzito, unanukia vizuri. Akabonyeza harage moja. Gumu. Akaongeza maji, akapuliza moto. Bado gumu. Nyanya ndivyo ilivyo: ukali wake ukiingia mapema, harage hukaza, na hata ulichemshe vipi linachelewa kulainika. Kasuku hakulijua hilo. Alijua tu kwamba mama yake ameingia na saa ya chakula imefika.

Mama hakuweza kuonja, mdomo wake ulikuwa na ganzi. Akajitwika sufuria, wasichana wakamfuata na sahani.

Mafundi walikuwa wamekaa juu ya mbao, vumbi la msumeno kwenye nyusi. Wa kwanza akatafuna, kisha akaacha kutafuna.

"Mama, haya ni maharage au misumari?"

"Leteni nyundo hapa!" akadakia mwingine.

"Msiyatupe, kuna meza inataka kupigiliwa!"

Wakacheka mpaka wengine wakakohoa. Fundi mkuu hakucheka. Alisukuma sahani. "Watu wana njaa tangu asubuhi, mama. Ikitokea tena, tutatafuta mpishi mwingine."

Mama akageuka. "Nani katia nyanya mapema?"

"Kimya," alisema Kasuku haraka. "Nilimkataza, mama. Akasema anajua."

Kimya alifungua mdomo. Mama hakumngoja aseme.

"Basi aliyepika ale," alisema mama. Akamkalisha juu ya ubao, mbele ya wanaume wote, akamjazia sahani. "Usibakize hata moja. Na Jumamosi unakwenda kwa babu yako kijijini. Huko hakuna shule. Mbuzi wake ndio watakufundisha adabu."

Kimya akaanza kula. Mafundi wakampigia makofi: "Tafuna! Tafuna!" Meno yake yalisikika. Machozi yaliingia kwenye mchuzi, naye akayala pamoja na maharage. Kasuku, kwa kuwa kila mtu alikuwa anacheka, naye akacheka.

Saa kumi jioni Kimya alianza kutapika. Alitapika mpaka yakawa yanatoka maji matupu, miguu ikamlegea. Mama akambeba mgongoni hadi zahanati, Kasuku nyuma yao amebeba ndoo.

Muuguzi alimtundikia dripu. "Amekula nini?"

"Maharage," alisema mama. "Hayakuiva."

"Sahani nzima? Maharage yasiyoiva ni sumu, mama! Nani kamlisha?"

Mama alitazama miguu yake. "Mimi. Nilikuwa namwadhibu."

Kasuku alitazama matone ya dripu, moja, jingine, jingine. Kisha akaweka ndoo chini. "Si yeye. Nyanya nilitia mimi. Yeye alinikataza."

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. "Sogea kwake," alisema. "Rudia, asikie."

Kasuku akarudia. Kimya akageuza uso kuelekea ukutani.

Kimya aliporuhusiwa, mama alikwenda naye karakana, amemshika mkono. "Juzi nilimwadhibu mtoto asiye na kosa," aliwaambia mafundi. "Nanyi mkampigia makofi. Haendi kwa babu wala popote. Nimekuja kumwomba radhi hapahapa nilipomwaibisha." Wakainamisha vichwa. Aliyeitisha nyundo hakujua pa kuweka mikono yake.

Kesho yake Kasuku alirudi kwenye sufuria ileile. Kimya alikaa kwenye kigoda, amejifunika kanga, bakuli la nyanya mapajani. Nje kamba ilikuwa inapiga chini, pa, pa, pa. Kasuku hakugeuka. Kila baada ya muda alimpelekea Kimya harage moja kwenye kijiko. Kimya alilibonyeza, akatikisa kichwa. Mara ya tano likawa uji. Kimya akamkabidhi bakuli.

"Tia."

Nyanya zikaingia. Kasuku akakoroga polepole, kisha akauliza bila kuinua macho, "Umenisamehe?"

Kimya alifikiri. "Bado."

Kasuku akamtazama mama yake, kana kwamba anaomba amwombee. Mama akatikisa kichwa.

"Usinitazame mimi, mwanangu. Nyanya ulizitia mapema, ukweli ukauchelewesha, na kati ya hivyo viwili mwenzako nusura afe. Hata mimi mkubwa niliadhibu kabla ya kuuliza, na yeye bado hajanijibu. Sasa tutangoja sote. Chochea moto."