Neno Lililovunja Timu ya Kocha Nawar

Kila Jumatatu na Jumatano, baada ya sala ya alasiri, Lujain alitia glovu yake kwapani, akashuka ngazi za nyumba yao ya Darsait, mjini Maskati, na kusimama barabarani kusubiri basi dogo la chuo. Ulikuwa mwaka 1998, naye alikuwa na miaka kumi na miwili. Basi lilipita mtaa kwa mtaa likiokota wasichana, na hadi kufika chuoni, mtaa wa Khuwair, walikuwa wameshaimba, wameshagombana na wameshapatana.

Chuo kilikuwa cha wasichana watupu, na jioni watoto wa shule kama Lujain walikuja kucheza hapo. Kocha mkuu wa softiboli hapo alikuwa Nawar binti Marhoon. Softiboli ni mchezo wa mpira na gongo: mmoja anarusha, mwingine anapiga, kisha mpigaji anakimbia kuzunguka vituo vinne kabla mpira haujamwahi. Bibi yake Lujain, Bibi Kheiria, alipoelezwa mara ya kwanza alicheka mpaka ukaya ukamdondoka kichwani.

"Kumbe ni rede ya watu waliosoma!" alisema, akikumbuka mchezo wa mpira wa wasichana wa Unguja.

Kocha Nawar alizaliwa Unguja, akakulia Maskati, kisha akapelekwa Marekani kusoma. Huko ndiko alikocheza softiboli miaka minne, akiwa mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mpigaji. Mwaka wa mwisho goti lake la kushoto liliumia vibaya, na uchezaji ukaishia hapo. Hakurudi na kikombe wala medali. Alirudi akichechemea, akiwa na hamu ya kufundisha. Mwaka 1990 chuo kilimwonyesha kiwanja cha mchanga na kumwambia timu atafute mwenyewe.

Akaitafuta majumbani. Aliingia nyumba moja, akatoka, akaingia ya pili, akikaa na mama na mabibi, akiwaahidi mambo mawili: watoto watacheza wamejistiri, na hakuna mwanamume atakayetia jicho uwanjani. Akazungushia uwanja turubai la kijani, refu kuliko mtu. Miaka minane ilipita bila mzazi hata mmoja kumlaumu. Sasa alikuwa na timu ya wanachuo na timu ya watoto wa shule, na zote mbili zilikuwa zikijiandaa kucheza na wageni kutoka Bahrain.

Katika timu ya watoto, mrushaji alikuwa Lujain. Ukoo mzima ulijua hivyo, maana aliwaambia mwenyewe, na waliosahau akawakumbusha. Ubaya wake ulikuwa mmoja. Nyumba ya Bibi Kheiria haikosi wageni, na Lujain hakupenda kupitwa na jambo. Leo kuna harusi, kesho watu wametoka Bustan na sahani ya halwa, keshokutwa hakuna sababu yoyote. Katika wiki tatu za karibuni alikwenda mazoezini mara mbili tu.

Jumatano moja Kocha Nawar alimwita pembeni.

"Lujain, mwanangu, kwenye mechi atarusha Kawthar. Wewe utakaa benchi."

"Lakini kocha, mimi narusha vizuri kuliko Kawthar!"

"Kweli. Lakini Kawthar yupo."

Kawthar alikuwa shoga yake mkubwa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitazama dirishani.

Kesho yake, Alhamisi, nyumba ilijaa kama kawaida. Wajomba walikaa sebule ya mbele. Wanawake walijazana ndani na tende, kahawa na vitumbua, wakizungumza Kiswahili na Kiarabu kwa pumzi moja. Katikati yao alikaa Shangazi Masouda, ambaye akikohoa mtu Khuwair, yeye Darsait anamwombea afya.

"Bingwa wetu!" akaita. "Mechi lini? Nshashona nguo ya kuja kukutazama, usinipotezee kitambaa changu."

Wanawake wote wakageuka. Lujain aliona nyuso ishirini zikimngoja, naye akaona haya kulitaja lile benchi.

"Sichezi tena," alisema. "Nimeacha mwenyewe."

"Umeacha? Kwa nini?"

Wiki iliyopita fundi wa bomba alikuja uwanjani kutengeneza mfereji. Kocha alisimamisha mchezo, akawaingiza wasichana wote darasani na kufunga mlango mpaka fundi alipoondoka. Lujain alikikumbuka kisa hicho, akakigeuza.

"Kwa sababu wanaume wanaingia kututazama. Na kocha anatwambia tuvue mitandio, eti inatuzuia kukimbia."

Vikombe vikatulia. Mahali pengine watu wangeuliza mara mbili. Lakini lile lilikuwa jambo lenyewe ambalo kila mama pale alikuwa akiliogopa kimoyomoyo tangu siku aliyomruhusu bintiye, kwa hiyo liliaminika papo hapo.

"Wallahi?" aliuliza Shangazi Masouda.

"Wallahi," alijibu Lujain.

Shangazi Masouda hakumaliza hata kahawa yake. Alikwenda kwenye simu, akaivuta mpaka kitini, na kabla ya magharibi habari ilikuwa imeshafika kila mtaa wenye msichana wa softiboli.

Jumamosi shuleni Kawthar alikuja macho mekundu. "Baba kanikataza," alisema. "Kasema sitotia mguu tena. Nani kasema maneno yale, Lujain? Si uongo?"

Lujain aliinamia daftari lake. "Mie sijui."

Jumatatu, kati ya wenzake kumi na wanne, walikuja watano. Jumatano basi halikuja kabisa. Mkuu wa chuo, baada ya simu za wazazi, alisimamisha michezo yote mpaka uchunguzi ufanyike, na barua ikapelekwa Bahrain kuwaambia wageni wasije. Kuhusu Kocha Nawar, aliambiwa akae nyumbani asubiri.

Lujain alimkuta siku kocha alipokuja chuoni kuchukua vitu vyake. Lujain alikuwa amefuatana na mamake kwenye duka karibu na chuo, akaponyoka kuchungulia. Kocha alikuwa peke yake uwanjani, akifungua kamba za turubai moja moja. Goti lilimpa tabu. Kila akiinama alijishika ukutani.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nishikie ncha hiyo."

Walilikunja turubai pamoja. Vumbi likawajaa. Lujain alingoja aulizwe, lakini kocha hakumwuliza kitu.

"Nimelitungika mwenyewe hili," kocha alisema. "Bibi yako alikuwa wa tatu kuniamini. Nikimwona sasa, sijui ntamtazama vipi."

Hapo ndipo pa kusema. Badala yake Lujain alisaidia kubeba magongo mpaka garini.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, nyumba ikajaa tena. Safari hii maneno yalikuwa yamekua. Shangazi Masouda alisogeza kiti.

"Mmesikia mapya? Ati hata huko Marekani alifukuzwa! Goti lile ni hadithi tu. Alifanya mambo yake huko, chuo kikamtoa."

"Nlijua mie," akadakia mwingine. "Mwendo ule si wa goti!"

Wakacheka. Lujain alikuwa ameshika trei ya vikombe. Hilo la kufukuzwa yeye hakulisema. Lilikuwa limeota lenyewe juu ya lile lake, na kesho lingeota jingine. Akaitua trei chini.

"Uongo," alisema.

"Nani muongo, we mtoto?"

"Mimi. Hakuna mwanamume aliyeingia kututazama. Kocha hajatwambia tuvue mtandio hata siku moja. Fundi wa bomba alikuja, na kocha akatuficha. Nlisema vile kwa sababu nimewekwa benchi, na nliona haya."

Bibi Kheiria alimtazama mjukuu wake kama anayemtafuta mtu aliyempoteza.

Shangazi Masouda ndiye aliyesema kwanza. "Basi, yameshapita hayo. Yasitoke nje, tutaaibika. Watu watasahau."

"Watamsahau nani?" aliuliza Bibi Kheiria. "Sisi au Nawar? Inuka, Masouda, vaa buibui lako. Na weye, Lujain, vaa viatu. Tunakwenda nyumba zote."

"Zote, mama?" aliuliza Masouda.

"Simu uliipiga kwa zote."

Walianza kwa Kawthar. Mamake, Bi Mahbuba, aliwapokea kwa heshima, akawamiminia kahawa. Bibi Kheiria alikiweka kikombe chake chini bila kukigusa, na Masouda naye vivyo hivyo. Kila mtu Maskati anajua maana yake: mgeni amekuja na haja, na hatokunywa mpaka ajibiwe.

"Sema," Bibi alimwambia Lujain.

Lujain akasema yote, mbele ya Kawthar. Bi Mahbuba alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu analia wiki nzima," alisema. "Na mimi nimemsema yule mwanamke kwa watu ambao hata hawamjui. Sasa nikawafuate wapi?" Kisha akasukuma kikombe mbele kidogo. "Kunyweni, bibi. Ntazungumza na babake. Kawthar atarudi."

Kawthar hakumwangalia Lujain. Aliondoka chumbani.

Walizunguka siku mbili, nyumba zote tisa zilizozuia mabinti. Nyumba saba waliambiwa wanywe. Nyumba mbili, ya kina Wadha na ya kina Nasriya, kahawa ilipoa mezani. Wenyewe hawakutukana. Walisema tu kwamba jina la binti likishatajwa vibaya, wao hawaliweki tena mdomoni mwa watu. Bibi Kheiria aliinuka, akaaga, na ngazini akaushika ukuta ili apumzike. Lujain hakuwahi kumwona amezeeka namna ile.

Mwisho walikwenda kwa mkuu wa chuo, na Lujain akasema tena. Siku ya tatu yake Kocha Nawar alirudishwa kazini. Bahrain walikuwa wameshapata timu nyingine ya kucheza nayo.

Jumatatu Lujain alifika uwanjani kabla ya wote. Kocha alikuwa akifunga turubai.

"Kocha, nisamehe."

Kocha Nawar alikaza fundo kwanza, kisha akageuka.

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza, usije ukadhani msamaha umerudisha kila kitu. Goti langu lilipoumia, daktari alinionyesha kwenye picha palipokatika. Hili la maneno halina picha. Sijui limefika wapi, na wala weye hujui. Siku ile ungesema 'nimewekwa benchi', wangekucheka mpaka kahawa ya pili, kisha wakaanza kumsema mtu mwingine. Ulikimbia haya ya dakika mbili, ukawabebesha watu haya ya miezi. Ukweli unaokutia aibu, mwanangu, useme ungali mdogo, na wewe mwenyewe. Ukichelewa, wanaoulipia ni wengine."

"Nimefahamu, kocha."

Wasichana wengine wakaingia, wakapanga mstari. Kawthar alisimama upande wa pili. Kocha alifungua daftari lake akaanza kuita majina, na kila mmoja akaitika "Hadhira", yaani yupo. Alipofika kwa Wadha, aliita na kungoja. Upepo ulipiga turubai. Akaita Nasriya, akangoja tena, kama vile wangeweza kuwa njiani.

Kisha akaita, "Lujain."

"Hadhira," alijibu Lujain, akaenda kukaa benchi.