Lyle Benda na Mpaka wa Shule

Marlys Benda alikuwa na miaka saba, na alikuwa amejifunza kula uji huku amefumba macho. Kila asubuhi baba yake, Lyle, alikaa naye mezani na kushika bakuli lisianguke. Nje bado kulikuwa na giza. Upepo wa Dakota ya Kusini ulitikisa madirisha.

"Amka, mama," Lyle alimwambia. "Basi linakuja."

"Nimeamka," Marlys alijibu, macho yamefungwa vilevile.

Zamani haikuwa hivyo. Shule ya Zeman ilikuwa ng'ambo tu ya kijito. Lakini theluji ya mwaka uliopita iliyeyuka kwa ghafla. Kijito kikafurika na kuchukua daraja. Kaunti ilisema italijenga upya, ila kulikuwa na madaraja mengine mabovu yaliyotangulia kwenye foleni. Tangu hapo basi la Zeman lilizunguka mbali kwa barabara za kokoto, likichukua watoto wa mashamba mengine yote. Marlys alikuwa wa kwanza kupanda na wa mwisho kushuka. Alirudi nyumbani jioni amechoka kabisa. Hakutaka kula. Hakutaka hata kucheza na paka wake.

Kulikuwa na jambo jingine lililomuuma Lyle zaidi. Marlys akishaondoka, na jua likishachomoza, basi la shule ya Marlow lilipita mbele ya lango lake. Marlow ulikuwa mji wa karibu, na njia ya kwenda huko ilikuwa ya lami. Nusu ya viti vya basi hilo vilikuwa vitupu. Dereva, mama mmoja aitwaye Verna, alimpungia Lyle mkono na kuendelea na safari.

Asubuhi moja Lyle alisimama katikati ya barabara. Verna akafunga breki.

"Lyle, toka barabarani."

"Niambie kwanza. Kwa nini humchukui mwanangu?"

"Shamba lako liko upande wa Zeman. Mpaka wa shule unapita hapa hapa barabarani. Nikimchukua bila ruhusa, kesho mimi sina kazi."

"Mpaka gani? Mimi sioni mpaka hapa."

"Hata mimi siuoni," Verna alisema. "Lakini upo. Haya, nipishe, watoto wanachelewa."

Lyle alirudi ndani na kutupa kofia yake juu ya meza. Mke wake, Delores, alikuwa anamenya viazi.

"Kodi ya ardhi yangu inayolipia shule ya Zeman hawataiona tena," Lyle alisema. "Mwaka huu silipi."

"Na kaunti wakija kuliuza shamba?"

"Waje."

"Watakuja, Lyle. Njia wanaijua. Wao ndio wanaoitengeneza."

Lyle hakucheka. Alikwenda kulisha ng'ombe. Delores alinawa mikono, akampigia simu jirani yao, Bi Ardis Lunde.

Bi Ardis alikuwa amefanya kazi ya ukarani katika ofisi za kaunti mpaka alipostaafu. Alikuja mchana ule na sinia la mikate mitamu ya plamu. Alimsubiri Lyle amalize kahawa yake ya kwanza. Ndipo akaanza.

"Nasikia unataka kugoma kulipa kodi."

"Delores ana mdomo mrefu," Lyle alisema.

"Una bahati kwamba anao. Sikiliza. Mweka hazina wa kaunti anakusanya kodi tu. Mpaka hakuuchora yeye. Usipomlipa, riba inaanza kuhesabika. Ukiendelea kugoma, mwisho wake unaweza kupoteza ardhi. Na siku zote hizo Marlys atakuwa anapanda basi lile lile."

Lyle aligeuza kikombe chake polepole. "Basi nifanye nini? Kodi yenyewe ni kubwa, na mtoto ananisinzia kwenye uji."

"Hapo umetaja mambo mawili," Bi Ardis alisema. "Usiyachanganye. Ukiona wameipa ardhi yako thamani kubwa mno, kuna majira yake ya kulalamika. Bodi ya kaunti hukaa kusikiliza watu kila mwaka, theluji ikiisha. Unakwenda na ushahidi wako, unaeleza. Lakini hilo halimsaidii Marlys. Tatizo la Marlys ni mpaka."

"Mpaka ni mpaka."

"Mpaka si mto, Lyle. Watu waliuchora. Watu wanaweza kuusogeza."

Akaeleza jinsi ya kufanya. Ardhi inayohamishwa ni lazima ipakane na eneo la shule inayotakiwa. Wapiga kura wanaoishi kwenye ardhi hiyo wanaandika ombi, na zaidi ya nusu yao wanatia saini. Ombi linapelekwa kwa bodi za shule zote mbili, na kwa bodi ya kaunti. Kisha tangazo linatolewa, ili kila mtu ajue siku ya kikao. Mtu yeyote anaweza kuja kusema.

"Hata wa kunipinga?" Lyle aliuliza.

"Hasa wa kukupinga. Ndiyo maana ya kikao cha wazi." Bi Ardis alijifuta sukari vidoleni. "Na jambo la mwisho. Kodi ya shule ya Marlow iko juu. Wamejenga ukumbi mpya wa michezo. Ukihamia kwao, utawasaidia kuulipia."

Lyle alimtazama mke wake.

"Usiniangalie mimi," Delores alisema. "Mimi nataka mtoto alale. Bei yake tutaijua mbele ya safari."

Kwenye nyumba ile waliishi wapiga kura wawili tu, Lyle na Delores, na wote wawili walitia saini. Lakini hasira ya Lyle ilikuwa haijapoa. Alipoandika ombi hakuitaja nyumba peke yake. Aliandika shamba lote: uwanja wa nyumba, malisho, na mashamba yote ya mahindi mpaka kijitoni.

"Yote ya nini?" Delores aliuliza.

"Wamemchosha mtoto wangu mwaka mzima. Wacha na wao wasikie."

Delores hakupenda, lakini aliliacha ombi liende.

Tangazo lilipotoka, Zeman yote ilijua. Kwenye duka la chakula cha mifugo, wanaume waliokuwa wanapiga soga walinyamaza Lyle alipoingia. Mmoja alisema, bila kumtazama, "Wengine wanauza ng'ombe. Wengine wanauza shule." Na siku moja Marlys alirudi na swali.

"Baba, ni kweli unaifunga shule yetu?"

"Nani kasema?"

"Kwenye basi. Wanasema mwalimu wangu ataondoka kwa sababu yako."

"Maneno ya watoto tu hayo," Lyle alisema. Lakini chakula cha jioni kilimshinda.

Siku ya kikao, chumba cha bodi kilijaa. Wajumbe wa bodi ya kaunti walikaa nyuma ya meza ndefu. Wote walikuwa wakulima na wafugaji. Mwenyekiti wao, Bi Harriet Oyen, alifuga ng'ombe upande wa kaskazini. Alikuwa mtu wa maneno machache.

Lyle alisimama wa kwanza. Alieleza juu ya daraja, basi na uji. Mwakilishi wa Marlow alisema shule yake iko tayari kumpokea mtoto. Kisha Mzee Emil Kostal alisimama.

Mzee Emil aliongoza bodi ya shule ya Zeman. Ndiye aliyemfundisha Lyle kuendesha trekta, baba yake Lyle alipokuwa mgonjwa. Alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Sina ugomvi na Lyle," alisema. "Mtoto anateseka, nasi tunamwona. Anasinzia darasani. Mwalimu humkunjia koti lake mwenyewe na kumwekea chini ya kichwa. Anamwacha alale mpaka wenzake watoke kucheza."

Lyle aliinua uso. Habari ya koti hakuwa ameisikia.

"Lakini shamba la Lyle ni kubwa," Mzee Emil aliendelea. "Likiondoka lote, tunapoteza kodi ya kumlipa mwalimu. Yule yule mwenye koti. Na wapo watoto wanaoishi ndani kabisa, upande wa vilimani. Hao basi la Marlow haliwafikii. Tukifunga, waende wapi?"

Akakaa.

Bi Harriet alitazama ramani iliyokuwa mbele yake. "Bwana Benda, mtoto analala wapi?"

"Nyumbani, Mheshimiwa."

"Si kwenye mahindi?"

Watu walicheka. Lyle aliona haya. "Hapana, Mheshimiwa."

"Na nyumba iko kwenye kipande kipi?"

"Hiki cha barabarani."

"Kinapakana na Marlow?"

"Kinapakana."

"Sasa mahindi umeyaombea nini?"

Lyle alikuwa na majibu kadhaa aliyoyatunga njiani. Aligeuka na kumwona Delores, na nyuma yake Mzee Emil akikunja kofia yake. Majibu yote akayaacha.

"Nilikuwa na hasira," alisema.

"Hiyo haimo kwenye sheria," Bi Harriet alisema kwa upole. "Lakini ni kweli, na nashukuru umeisema. Unataka tuamue juu ya ombi kama lilivyo, au kuna la kupunguza?"

"Kipande cha nyumba tu kinatosha. Mashamba yabaki Zeman."

Bi Harriet alimgeukia mwanasheria wa kaunti. Mwanasheria alisema ombi linaweza kupunguzwa, mradi waliotia saini wakubali. Delores alisema amekubali kabla hata hajaulizwa. Mzee Emil alinong'onezana na wenzake, na mwakilishi wa Marlow vivyo hivyo. Shule zote mbili zikaridhia. Bodi ikapiga kura. Wote walikubali isipokuwa mjumbe mmoja.

"Simkatalii Lyle," mjumbe huyo alisema. "Naogopa kesho watakuja kumi wengine."

"Wakija tutawasikiliza," Bi Harriet alisema. "Kazi yetu ndiyo hii."

Nje, kwenye ngazi, Lyle alimngoja Mzee Emil.

"Mzee, lile koti. Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Mwalimu alikataza," Mzee Emil alisema. "Alisema una mzigo wa kutosha."

Marlys alimaliza mwaka wake Zeman. Mwaka mpya wa shule ulipoanza, alipanda basi la Verna akiwa ameshiba usingizi. Sasa alizungumza asubuhi nzima mezani, mpaka Lyle akawa anamwomba anyamaze kidogo asikie bei ya mahindi redioni. Hati ya kodi ilipofika, ilitaja shule mbili. Lyle alinung'unika, kisha akalipa mapema. Majirani wenye shida za mipaka walianza kupita kwake kuuliza. Aliwaambia wamwone karani wa kaunti kabla ya kumtukana mtu, na waombe kile wanachokihitaji tu.

Katikati ya baridi, wasichana wakubwa wa Zeman walikuja Marlow kucheza mpira wa kikapu. Lyle na familia yake walikwenda kutazama katika ukumbi mpya. Marlys alikimbilia kwa rafiki zake. Delores alikwenda kutafuta kahawa. Lyle alibaki mlangoni, hajui pa kukaa. Mzee Emil alimwona.

"Uko upande gani leo?"

"Nalipia pande zote mbili, Mzee."

"Basi anza na sisi. Hatujajaa."

Lyle alikaa. Mchezo ulikuwa mkali, na matokeo yalikuwa sare karibu muda wote. Kufika mapumziko alinyanyuka ili ahamie upande wa pili, lakini Mzee Emil alimshika mkono wa koti na kumrudisha kitini. Baadaye Marlys aliwaona. Aliacha rafiki zake, akaja kujipenyeza katikati yao.

"Baba, sisi tunashangilia nani?"

Lyle alimtazama Mzee Emil. Mzee Emil alifikiri kidogo.

"Mwenye mpira," alisema.